Ukitaka kulijua kundi la simba, wafuate majike: simba wa Queen Elizabeth, Murchison na Kidepo

Mwongoza_Kasese (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, kila inaposambazwa picha ya simba dume wa Hifadhi ya Queen Elizabeth hapa Uganda, maoni humiminika juu ya wingi wa manyoya ya shingo yake na juu ya ufalme wake, lakini ni nadra mtu kuuliza majike wa eneo lile wako wangapi, wana umri gani, na watoto wao wamefikia wapi. Mimi huongoza watalii upande wa Kasenyi na Mweya, ndani ya hifadhi hiyo, na kadiri ninavyowatazama wanyama hawa ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba habari ya kundi la simba huanzia kwa majike na huishia kwao. Dume ni mpangaji. Mwenye nyumba ni jike. Nimeanzisha uzi huu ili tuzungumze kwa utaratibu jinsi makundi yanavyoishi, yanavyogawanyika na yanavyotoweka, hasa hapa Uganda, ambako kutoweka kwenyewe kuna sababu zisizotokana na simba.

Nianze na msingi. Kundi ni ukoo wa kike: bibi, mabinti zake, mama wakubwa na mama wadogo, pamoja na wajukuu, ambao wengi wao walizaliwa katika ardhi ileile na ndimo watakamofia. Hawatembei pamoja wakati wote. Asubuhi unaweza kuwakuta wawili chini ya mgunga, wengine watatu wakiwa kilomita kadhaa kutoka hapo, kisha usiku wakaitana kwa ngurumo, ambayo hewa ikitulia husikika hata umbali wa kilomita nane, wakakusanyika kwenye mzoga mmoja. Madume waliozaliwa humo huondoka, au hufukuzwa, wakiwa na umri wa kati ya miaka miwili na minne. Hutangatanga na ndugu zao, au na madume wageni waliokutana nao njiani, hadi wapate nguvu za kulitwaa kundi jingine. Wakishalitwaa, kwa kawaida hudumu nalo miaka miwili au mitatu tu kabla ya wenye nguvu zaidi kuwaondoa. Jike mmoja aliyejaliwa umri mrefu huwashuhudia madume wakija na kuondoka mara kadhaa, naye yupo palepale.

Mengi ya haya yalijulikana kutokana na utafiti wa Serengeti, nchi jirani ya Tanzania, ambao George Schaller aliuanza mwaka 1966 na ambao Craig Packer aliusimamia kuanzia mwaka 1978, simba wakifuatiliwa mmoja mmoja, kizazi baada ya kizazi. Sifa ya kazi ile ni uvumilivu. Huwezi kulielewa kundi kwa kulitazama siku moja, kwa sababu siku hiyo moja simba atakuwa amelala; anaweza kupumzika hata saa ishirini katika saa ishirini na nne.

Jambo linalowasumbua wageni wangu kuliko yote ni mauaji ya watoto. Madume wapya wanapolitwaa kundi, huwaua watoto wadogo waliozaliwa na madume waliotangulia. Sababu yake ni hesabu ya wakati. Jike anayenyonyesha na kulea hatapata mimba nyingine mpaka watoto wake wafikishe karibu miaka miwili, ilhali dume aliyeingia leo huenda asiwe na miaka miwili ya kungoja. Watoto wakifa, mama huwa tayari kupandwa tena baada ya muda mfupi, hubeba mimba ya takriban siku 110, na watoto wanaozaliwa huwa wa dume mpya. Majike nao hawakai tu wakitazama. Wenye watoto wa umri mmoja huwalea pamoja, hunyonyesha hata wasiowazaa wao, na mgeni akitokea humkabili kwa pamoja. Jike aliye peke yake hupoteza watoto. Majike wawili au watatu waliosimama bega kwa bega mara nyingi huwaokoa. Naomba msomaji aikumbuke nukta hii, kwa maana ndiyo itakayotuonyesha kwa nini kundi la Uganda linalopoteza jike mmoja kwa mtego hupoteza zaidi ya jike mmoja.

Mwanafunzi_Mbarara

Asante sana, kaka, kwa maelezo haya. Mimi nasomea masuala ya wanyamapori, na swali langu ni la vitendo. Simba wote wana rangi moja ya nyasi kavu. Mtu anayedai kwamba jike aliyemwona leo ndiye yuleyule aliyemwona mwaka jana, anathibitisha vipi?

Mwongoza_Kasese

Dada yangu, tazama sharubu. Mashavuni mwa simba, nywele za sharubu zimepangwa kwa safu, na kila unywele unatoka kwenye kidoa cheusi. Juu ya safu ya juu iliyokamilika kuna vidoa vichache vilivyotawanyika, na nafasi ya vidoa hivyo ikilinganishwa na safu iliyo chini yake hutofautiana kutoka simba hadi simba, shavu la kulia na la kushoto kila moja na mpangilio wake, wala haibadiliki maisha yote. Mbinu hii ilielezwa kitaalamu mwaka 1970 kwa simba wa Hifadhi ya Nairobi, na hadi leo ndiyo ya kwanza anayofundishwa mtafiti chipukizi.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Unasimamisha gari ubavuni mwa mnyama, si mbele yake, unangoja ageuze kichwa, na unapiga picha wakati mwanga unaangukia shavu. Kisha unangoja mpaka ageukie upande wa pili, jambo linaloweza kuchukua saa nzima ikiwa ameshiba. Nzi wakimjaa usoni, vidoa huchanganyika nao, na picha yote inakuwa haina maana. Kwa sababu hiyo mimi hupendelea asubuhi mapema kabla nzi hawajaamka. Baada ya hapo unaongeza alama nyingine: sikio lililochanika, kovu la pajani, jino lililovunjika. Pua husaidia kukisia umri, kwa kuwa simba mdogo ana pua ya waridi ambayo huingiwa na madoa meusi kadiri miaka inavyosonga.

Pale Mweya kuna Uganda Carnivore Program, mradi wa kuwafuatilia wanyama walao nyama, ambao Dk. Ludwig Siefert, daktari wa wanyamapori, ameuongoza kwa miaka mingi. Wao huwavalisha baadhi ya simba kola za redio, zinazoonyesha mahali walipo, na anayevalishwa mara nyingi ni jike, kwa sababu ukimpata jike umelipata kundi. Dume mwenye kola atakupeleka popote, pengine hata nje ya hifadhi.

Afande_Mstaafu

Nimesoma kwa makini. Nilitumikia hifadhini kabla ya kustaafu, nami ningependa kuongeza habari ya kuhesabu, kwa kuwa watu hutaja idadi bila kujua ilivyopatikana.

Hesabu kubwa ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014 ilitumia vipaza sauti. Gari husimama usiku mahali palipochaguliwa, kisha hupigwa sauti ya ndama wa nyati anayelia kwa dhiki, na simba na fisi walio karibu hufika kutafuta chakula. Anayefika huhesabiwa, na kwa kujua sauti inafika umbali gani na ni sehemu gani ya wanyama huitikia, mtaalamu hukadiria walio eneo zima. Kwa njia hiyo Uganda ilikadiriwa kuwa na simba 408 katika hifadhi zake tatu: Queen Elizabeth 144, Murchison Falls 132, na Kidepo 132. Ikilinganishwa na makadirio yaliyotangulia, hiyo ilikuwa ni pungufu ya takriban asilimia 30 kwa nchi nzima, Murchison ikiwa ndiyo iliyoporomoka zaidi.

Miaka ya karibuni ilifanyika hesabu nyingine, pana zaidi, ambayo haikutegemea kuwaita wanyama bali kuwatafuta, kuwapiga picha na kuwatambua mmoja mmoja kwa sharubu hizo hizo alizozieleza ndugu yetu. Ilionyesha Murchison ikiwa ndiyo ngome, ikiwa na takriban simba 240, Queen Elizabeth ikiwa na wasiofika 40, na Kidepo ikiwa na wachache mno. Ninawaonya vijana wasitoe namba moja katika nyingine wakasema tumepoteza au tumepata simba kadhaa, kwa kuwa mbinu ni tofauti. Hata hivyo kwa Queen Elizabeth mbinu ya picha ilikwisha kutumika miaka michache kabla yake, na hapo ulinganisho ni halali: simba wamepungua kwa karibu nusu, na fisi wameongezeka sana.

Mwanafunzi_Mbarara

Afande, shukrani. Kuongezeka kwa fisi ni chanzo au ni matokeo?

Afande_Mstaafu

Kwa maoni yangu ni matokeo kwanza, kisha yanageuka kuwa chanzo. Majike watano kwenye mzoga wa nyati hawaogopi fisi. Jike mmoja mwenye watoto wawili akiua kobu (aina ya swala) pale Kasenyi, fisi wanane wakimzunguka, atakiacha chakula chake, na kesho atalazimika kuwinda tena akiwa amewaacha watoto vichakani. Ukiona fisi wanene na simba jike mwembamba katika eneo moja, usiwalaumu fisi. Uliza majike wenzake wamekwenda wapi.

Nyabo_wa_Pakwach

Hapo ndipo na mimi ninaingia, maana kwetu upande wa Murchison jibu la "wamekwenda wapi" linajulikana na kila mtu, hata kama hasemi.

Mitego ya waya haikutegwa kwa ajili ya simba. Imetegwa kwa ajili ya nyama: kobu, kongoni, nyati, kuro. Matairi makuukuu huchomwa moto, waya uliomo ndani hubaki, hunyooshwa na kukunjwa kitanzi, kitanzi hufungwa kwenye shina kando ya njia ya wanyama. Simba hufuata njia hizohizo kwa sababu anakifuata kitoweo hichohicho. Akinasa shingo, hufa. Akinasa mguu, huvuta mpaka waya ukazama kwenye nyama, na akifanikiwa kuukata kutoka kwenye shina, huondoka nao. Nimewahi kumwona jike wa namna hiyo karibu na barabara ya Buligi: waya haukuonekana kabisa, kilichoonekana ni mfereji mwembamba uliouzunguka mguu wa mbele juu ya kifundo, na chini yake mguu umevimba mara mbili ya mwenzake. Alikuwa akitembea nyuma ya wengine, anasimama, analamba, anatembea tena. Daktari wa hifadhi akiwahi, humpiga sindano ya usingizi, hukata waya, huosha kidonda na kumpa dawa, na mnyama anaweza kupona kabisa. Asipowahi, mguu huoza.

Kuna mtego mwingine ambao ni mbaya zaidi, ule wa chuma wenye meno, unaofuliwa kwa springi za magari na kufukiwa ardhini. Huo hauachi nafasi ya kulamba kidonda.

Dk. Tutilo Mudumba wa Chuo Kikuu cha Makerere ameufanyia kazi mkasa huu kwa muda mrefu, na yeye na wenzake wa Marekani walianzisha pale Pakwach mradi wa kuwafanya vijana, baadhi yao waliokuwa wategaji, watengeneze sanamu za wanyama kwa waya uleule na kuziuza. Simba wa waya ukimweka mezani hali mtu wala nyama, lakini humpatia kijana ada ya shule ya mdogo wake. Watu wengine hucheka mradi huo kwamba ni mdogo. Mimi siucheki, kwa kuwa anayetega waya kwetu mara nyingi hana mbuzi hata mmoja.

Mwongoza_Kasese

Nyabo, ahsante. Umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi, na naomba niliunganishe hilo na hesabu ya majike. Kundi dogo lenye majike watatu likimpoteza mmoja, wawili waliobaki hawawezi kulinda mipaka. Utafiti wa Serengeti ulionyesha kwamba makundi yenye majike wengi huwanyang'anya majirani wao wadogo sehemu nzuri za ardhi, zile zenye maji na maficho ya kuwindia. Kwa hiyo wawili hao husogezwa pembeni, na pembeni ya hifadhi zetu ndiko kwenye mashamba, mifugo na waya mwingi zaidi. Ajali ya kwanza huvuta ya pili.

Mfugaji_wa_Ziwani

Nimewavumilia nyote. Mnazungumza juu ya simba kana kwamba sisi hatupo. Mimi ni mfugaji, ninaishi kijijini ndani ya mipaka ya Queen Elizabeth, mahali ambapo babu zangu walilisha ng'ombe kabla hifadhi haijatangazwa mwaka 1952. Simba ameniulia mtamba aliyekuwa karibu kuzaa. Ng'ombe yule alikuwa ni maziwa ya watoto wangu na ada yao. Ndugu Mwongoza, wewe simba akionekana unalipwa. Mimi simba akionekana ninapoteza. Ninaomba nijibiwe bila kuhubiriwa.

Mwongoza_Kasese

Mzee wangu, pole sana kwa mtamba wako, na swali lako ni la haki. Ni kweli kwamba mimi hula kwa simba na wewe hugharamika kwa simba, na mpango wowote usioanzia kwenye ukweli huo haufiki mbali. Sheria inatenga asilimia 20 ya ada za kiingilio kwa jamii zinazopakana na hifadhi, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka mpango wa fidia kwa aliyeuawa, kujeruhiwa au kuharibiwa mali na mnyama nje ya hifadhi. Lakini asilimia 20 hujenga darasa la kijiji kizima, haimrudishii mtu mmoja ng'ombe wake, na wewe unaishi ndani ya mipaka, si nje. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye pengo, na ninyi wafugaji mna haki ya kulipigia kelele.

Hata hivyo niruhusu nizungumze juu ya sumu, kwa heshima. Simba akiua ng'ombe na kufukuzwa, hurudi usiku unaofuata kumalizia nyama yake. Mwenye hasira anajua hivyo, na kwa hiyo hunyunyizia mzoga dawa ya kuulia wadudu wa mimea. Anayerudi si lazima awe yule aliyeua. Hurudi familia. Mwezi Aprili mwaka 2018, karibu na kijiji cha Hamukungu, humu Queen Elizabeth, walikutwa simba 11 wamekufa kwa sumu: majike watatu na watoto wanane. Hakuwamo dume hata mmoja mzima katika idadi hiyo. Usiku mmoja uliondoa mama na kizazi chao chote, yaani miaka kadhaa ya ukoo ule, na hakuna dume yeyote, awe na manyoya ya namna gani, anayeweza kuirudisha.

Miaka mitatu baadaye, mwezi Machi 2021, simba sita walikutwa wamekufa Ishasha, upande wa kusini wa hifadhi hiyohiyo, vichwa na makucha yao yamekatwa, na kando yao tai wanane nao wamekufa. Mkasa huo sitauweka kwenye mzani mmoja na wako, mzee. Anayekata kichwa cha simba hakuwa akilinda ng'ombe. Alikuwa na mnunuzi.

Unachoweza kufanya wewe ni kuwa na zizi la usiku lenye uzio mnene usiopenyeka wala kuonekana ndani, maana simba akishindwa kuona ng'ombe na ng'ombe wakashindwa kumwona simba, hawakurupuki wakavunja uzio wenyewe na kumkimbilia nje. La pili ni kutoa taarifa alfajiri ileile, mzoga ungali mbichi, ili askari wafike kabla ya jirani mwenye hasira.

Mfugaji_wa_Ziwani

Zizi ninalo. Mtamba aliuawa mchana, akilishwa. Lakini nimekuelewa, na habari ya kurudi familia sikuwa nimeifikiria hivyo. Majike wale watatu tuliwafahamu kwa sura, walizoea kulala upande wa barabara.

Mwanafunzi_Mbarara

Naomba mtueleze habari ya Jacob, yule simba wa miguu mitatu wa Queen Elizabeth. Wengi wanamtaja kama shujaa tu.

Afande_Mstaafu

Jacob alipoteza sehemu ya mguu wa nyuma kwa mtego mwaka 2020. Wengi tulidhani hatamaliza mwaka. Dume asiye na mguu mmoja hawezi kumkimbiza kobu, na dume mlemavu hulengwa na wenzake. Aliyemwokoa ni ndugu yake Tibu, kwa maana wawili hao hawakutengana.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 waliuvuka Mlango wa Kazinga, mkondo wa maji unaopita hifadhini, kwa kuogelea, umbali uliokadiriwa kuzidi kilomita moja, pengine kufikia moja na nusu. Watafiti wa Dk. Alexander Braczkowski waliwapiga picha kwa droni yenye kamera inayoona joto la mwili. Ndani ya maji yale kuna viboko na mamba wa kutosha, na simba wale walijaribu na kurudi nchi kavu zaidi ya mara moja kabla ya kufaulu. Daraja lipo Katunguru, lakini pale kuna watu, magari na taa, na simba aliyekwisha kukatwa mguu na binadamu ana sababu zake za kuchagua mamba.

Swali si jinsi walivyovuka, bali kwa nini. Muda mfupi kabla ya hapo walikuwa wamepigana na madume wengine na kushindwa, ugomvi wenyewe ukiwa ni wa majike. Upande ule majike hawakutosha.

Mwongoza_Kasese

Afande amegusa kiini cha uzi huu. Katika eneo lenye simba wenye afya, majike wazima huwazidi madume, pengine wawili kwa mmoja. Queen Elizabeth mizani hiyo imeharibika. Madume wengi wakigombea majike wachache, mapinduzi hutokea mara kwa mara zaidi. Kila mapinduzi huua watoto. Na jike anayezaa leo na kupoteza watoto mwakani ni sawa kwa hesabu ya hifadhi na jike asiyezaa. Kwa hiyo sumu na waya huendelea kuua hata baada ya kuondolewa. Watu walipoitazama video ya Jacob waliona ushujaa, nao ulikuwapo kweli, lakini mimi niliona madume wawili wanaohatarisha maisha kutafuta kitu ambacho kundi lenye afya lingekuwa nacho tele.

Nyabo_wa_Pakwach

Na wale wa Ishasha wanaopanda miti? Wageni wote huuliza.

Mwongoza_Kasese

Hupanda mikuyu mikubwa yenye matawi mapana, na migunga pia, hasa saa za joto. Zinatajwa sababu kadhaa: kukimbia nzi waumao, kupata upepo, kutazama mawindo kwa mbali, kuepuka nyati na tembo. Simba wa Ziwa Manyara, Tanzania, nao hujulikana kwa tabia hiyo. Ninaloliona mimi ni kwamba watoto hujaribu kupanda kwa kuwafuata mama zao, huteleza, hujaribu tena, na hujifunza. Ikiwa ni mazoea ya kufunzwa na mama, basi kuyapoteza majike ya Ishasha ni kuyapoteza mazoea yenyewe, na wageni watakuja kutazama mikuyu mitupu.

Mwanafunzi_Mbarara

Swali langu la mwisho kwa wakubwa wangu. Rwanda walipeleka simba saba Hifadhi ya Akagera mwaka 2015, wengi wao majike, na sasa wako makumi. Murchison tuna takriban 240. Kwa nini tusichukue majike wachache tukawapeleka Queen Elizabeth?

Afande_Mstaafu

Akagera ina uzio wa umeme wa takriban kilomita 120, uliokamilika kabla simba hawajaletwa, na wakati wanaletwa hapakuwa na simba mwenyeji hata mmoja. Queen Elizabeth ina barabara kuu inayopita katikati, vijiji vya wavuvi ndani yake, na upande wa Ishasha simba huvuka mto wakaingia Hifadhi ya Virunga, Kongo. Uzio huo utauweka wapi?

Mwongoza_Kasese

Nakubaliana na Afande, nami ninaongeza mawili. Majike wageni hawapokelewi na majike wenyeji; watapigwa na kusukumwa ukingoni, kule kwenye mifugo ya mzee wetu. La pili ni kwamba jike anahitaji miaka mingi ili ajue ardhi: wapi kobu hukusanyika, wapi maji hubaki wakati wa kiangazi, kichaka kipi kinafaa kuficha watoto kwa majuma sita ya mwanzo. Pale Kasenyi, kobu madume husimama kila mmoja kwenye kiduara chake cha nyasi fupi akingoja majike wake, na huchukia mno kukiacha kiduara hicho hata hatari ikikaribia. Simba jike mwenyeji anazijua sehemu hizo na huenda moja kwa moja. Mgeni atatangatanga.

Ningeanza na waya. Askari watembee kwa miguu na kuuondoa, daktari awe na gari lenye mafuta, na kila jike aliyebaki Queen Elizabeth ajulikane kwa sharubu zake na afuatiliwe kila juma. Kwa idadi iliyopo sasa, jambo hilo linawezekana bila fedha za ajabu. Baada ya miaka mitano bila jike kufa kwa mtego au sumu, nitakuwa wa kwanza kuzungumza juu ya kuleta wengine.

Mfugaji_wa_Ziwani

Katika hao watakaowafuatilia majike kila juma, waajiriwe vijana wetu wanaochunga. Wao huwaona simba kila siku, na simu wanazo. Wakituambia asubuhi majike wamelala upande upi, tutapeleka ng'ombe upande mwingine.

Mwongoza_Kasese

Mzee wangu, pendekezo hilo nalichukua. Nitumie ujumbe faraghani tupange siku ya kukutana na vijana hao, nami nitakuja na picha za mashavu ya majike wa Kasenyi nilizo nazo ili waanze kujifunza kuwatofautisha.